Risala ya timu ya makasia ya chuo kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walezi, makocha na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mgeni rasmi hatufichi, msimu uliopita tulishika mkia, waliotucheka walikuwa wengi na wengine wako humu ukumbini, ila safari hii tumeingia fainali ya vyuo. Boti ya watu wanane haina staa, uwe na misuli kama nini, kasia lako likichelewa kidogo tu kuingia majini wewe ni mzigo kwa wenzako. Halafu tunakaa tumeupa mwisho wa mbio mgongo, anayeona mbele ni mshika usukani peke yake, akisema vuta tunavuta. Mita 2,000 hizo! Ikifika 1,500 mapaja yanawaka moto (watu wanadhani ni kazi ya mikono, wapi, ni miguu) na viganja vyote malengelenge, ukitaka tutakuonyesha baadae.

Wanaotupa moyo ni vijana wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani, wengi wao watoto wa walalahoi. Mwaka 1936 walishinda mchujo wa Olimpiki ya Berlin, kumbe hela ya safari hakuna, wakaambiwa watafute wenyewe dola 5,000 la sivyo nafasi inaenda kwa timu nyingine. Watu wa Seattle, mji wa chuo chao, wakachanga, ndani ya siku chache ikapatikana. Siku ya fainali Don Hume, yule ambae wenzake wote wanafuata mwendo wake, anaumwa, wamepangiwa njia yenye upepo mbaya, wakachelewa na kuanza, lakini wakamaliza kwa dakika 6 na sekunde 25.4, Italia wakaja nyuma yao kwa sekunde 0.6 tu na Ujerumani wa tatu, Hitler mwenyewe anaangalia.

Sasa na sisi mgeni rasmi kinachotutisha sio wapinzani, ni usafiri. Boti ina urefu wa mita 17 hivi, haiingii kwenye basi wala pikapu, na makasia mawili yameungwa kwa gundi. Tunaomba utusaidie trela na makasia mapya, hata yaliyotumika tunapokea jamani.

Na siku ya fainali karibu sana, ila usikae kule mbio zinakoanzia, kaa mwishoni ndio utamu ulipo.

Naomba kuwasilisha.