Yah: Fremu yangu ya chuma mliyoiharibu, kisha mkaificha chini ya rangi

Tanga,
14 Oktoba 2024

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Mauzo na Matengenezo ya Baiskeli,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu kaunta yenu imeshanijibu mara mbili, na mara zote mbili jibu ni lilelile: fremu ni ya zamani, chuma huchoka, ninunue ya aluminiamu. Jibu hilo silikubali. Fremu yangu haikuchoka. Imevunjiwa nyuzi, yaani mifereji ya kukazia kama ya skrubu, katika karakana yenu, ikachomelewa kwa umeme bila mimi kuambiwa, ikapakwa puti ya kuzibia na rangi juu yake, nikarudishiwa kama imepona. Nami nikaipanda.

Nieleze kwanza ni baiskeli gani, maana kijana wa kaunta aliiita "chuma chakavu" na neno hilo limeniuma kuliko hasara yenyewe. Ni baiskeli ya resi iliyokuja na kontena la mitumba kutoka Uingereza. Niliinunua mwaka 2011. Jina la aliyeiunda lilikuwa limeshafutika, ila kibandiko kwenye bomba la kiti kilisomeka: Reynolds 531. Bomba hizo zilianza kutengenezwa Birmingham mwaka 1935, na kwa miongo mingi waendesha baiskeli wa mashindano wa Ulaya, wakiwemo washindi wa Tour de France, walipanda fremu zilizoundwa nazo. Ni chuma kilichochanganywa na manganizi na molibdeni. Bomba lake ni nene kwenye ncha linakoungwa, halafu huwa jembamba katikati, karibu nusu milimita tu. Ndiyo maana fremu ni nyepesi, na ndiyo maana barabara ikiwa na mikwaruzo haikupigi mgongoni.

Hapa Tanga baiskeli ni kitu cha kila nyumba. Mimi huenda kazini na hiyohiyo kutoka Makorora, na Jumapili alfajiri hutoka kupitia Pongwe hadi Muheza, nikanywa chai, nikarudi kabla jua halijachoma. Kwa miaka kumi na mitatu nimeitunza. Upepo wa bahari hapa una chumvi, na chuma kisichoangaliwa huliwa kutoka ndani, kwa hiyo kila baada ya masika huchomoa nguzo ya kiti, naigeuza fremu chini juu, namimina mafuta ndani ya mabomba, naifuta nguzo na kuipaka grisi upya. Nguzo ni ya aluminiamu na bomba ni la chuma. Usipopaka grisi vinashikana visiachane tena. Mwaka 2013 nilipotaka kuweka gurudumu la nyuma lenye gia nyingi zaidi, mimi na fundi wangu wa Ngamiani tuliipanua nyuma taratibu kutoka milimita 126 hadi 130, kwa fimbo yenye nyuzi na nati mbili, tukipima kwa uzi kila upande. Chuma kinakubali hivyo. Aluminiamu mnayoniambia ninunue haikubali.

Mwezi Juni mwaka huu beringi za eksili ya krenki, mhimili unaozungushwa na pedali, zilianza kulia. Fundi wangu hakuwa na eksili mpya ya saizi ile, na rangi nayo ilikuwa imechubuka, nikaona nilete kwenu kazi zote mbili kwa pamoja. Niliipandisha basi, nikaja nayo mwenyewe. Kwenye fomu yenu ya kupokea kazi niliandika kwa mkono wangu, na nakala ninayo: "Nyuzi za Kiingereza. Upande wa cheni ni za kinyume. Fremu isichomelewe kwa umeme." Aliyenipokea alisoma mbele yangu akaweka saini. Nililipa shilingi 260,000: rangi 140,000, eksili mpya na vikombe vyake, vile vya kulia na kushoto vinavyokazwa kwa nyuzi kwenye fremu, 85,000, ufundi 35,000. Tarehe 20 Julai nikaichukua. Rangi ilikuwa nzuri, bluu ya bahari kama nilivyoomba. Niliwashukuru.

Sasa sikiliza kilichokuwa chini ya bluu ile.

Tarehe 8 Septemba, nikirudi kutoka Muheza, nilisikia mlio mkavu kila nilipokanyaga mguu wa kulia. Nikadhani pedali. Nikaikaza, ukaendelea. Nikainama nikaona kwenye rangi mstari mwembamba kama unywele, karibu na bomba la krenki, lile fupi linalobeba eksili, pale bomba la nyuma la upande wa cheni linapoingia. Nilishuka, nikaisukuma kuanzia Pongwe hadi nyumbani.

Fundi wangu aliigeuza juu ya gunia, akakwangua rangi kwa kisu. Kwanza ikatoka bluu, halafu praima, halafu puti ya kijivu, nene kama ganda la embe. Alipofika kwenye chuma alinyamaza, akaniita nisogee. Kikombe cha kulia kilikuwa kimechomelewa kwenye bomba kuzunguka pande zote, na mshono wake, wenye matone matone, ulikuwa umepanda hadi shina la bomba la nyuma. Ufa ulianzia pembeni kabisa mwa mshono. Kwenye uso wa kikombe, nusu imefunikwa na moto, kulikuwa na herufi iliyochongwa kiwandani. Ilikuwa L.

L ni kushoto. Kikombe cha kushoto kilikuwa upande wa kulia.

Hapo kila kitu kikajieleza. Kila fundi wa chini ya mwarobaini anajua kuwa pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume, la sivyo ingejifungua yenyewe njiani. Katika fremu yenye nyuzi za Kiingereza mambo yanageuka: kikombe cha kulia ndicho chenye nyuzi za kinyume, na ili kukikaza unakizungusha kuelekea kushoto. Saizi yake imechongwa juu ya kikombe chenyewe, 1.37 kwa 24, yaani kipenyo kwa inchi na idadi ya nyuzi katika inchi moja. Fundi wenu aliweka kikombe cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Vikakataa kuingia, kama vilivyopaswa kukataa. Akatia nguvu. Nyuzi za bomba zikasagika pande zote mbili, vikombe vikawa vinacheza, naye badala ya kusimama akachukua mashine ya kuchomelea.

Ndugu Mkurugenzi, hadi kwenye nyuzi kusagika nisingeandika barua ya ukali huu. Fundi ni binadamu, na kazi ya mikono ina kukosea. Mngenipigia simu siku ile mkasema "tumekosea, nyuzi zimekwisha", tungetafuta njia, na njia ilikuwepo. Bomba la krenki la Kiingereza lililosagika linaweza kuchongwa nyuzi za Kitaliano, ambazo ni pana kidogo, milimita 36. Zipo pia eksili zisizohitaji nyuzi kabisa, zinazojibana zenyewe kwa ndani. Yote hayo yangefanyika, fremu ikaendelea kuishi. Mlipochomelea mlizifunga njia hizo zote.

Na kuchomelea kwenyewe ndiko nilikokukataza kwa maandishi. Fremu hii imeungwa kwa shaba ya njano. Bomba linaingizwa ndani ya kikuku cha chuma, linapashwa moto wa gesi hadi liwe jekundu, shaba inayeyuka na kunywewa ndani ya mwanya, lakini bomba lenyewe haliyeyuki. Moto wa umeme unayeyusha bomba. Chuma cha dirisha kina unene wa kuuvumilia. Bomba hili halina. Pale linapoyeyuka na kupoa ghafla, pembeni mwa mshono panakuwa pakavu, pasipopindika, na kila unapokanyaga pedali panavutwa mahali palepale. Bomba la krenki ndipo nguvu zote za miguu zinapofikia, na mabomba manne yanakutana hapo. Hakuna sehemu mbaya zaidi ya kufanya hivyo kwenye baiskeli nzima.

Kisha mkaziba hata tundu la chini. Chini ya bomba la krenki pana kitundu kidogo cha kutolea maji, na fundi wangu alikuta kimejaa puti. Alipokitoboa kwa msumari, maji ya kutu yalitoka, mekundu kama chai ya rangi, yakachuruzika kwenye gunia. Mvua mbili tatu za Agosti zilikuwa bado zimo ndani.

Nikuambie sasa kwa nini sikulala usiku ule. Tarehe 17 Agosti, siku ishirini na nane baada ya kuichukua kwenu, mimi na rafiki yangu tulipanda nayo basi hadi Lushoto, tukateremka kwa baiskeli kupitia Soni hadi Mombo. Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na barabara ile yote ni kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Ni safari niliyoipenda tangu nilipokuwa kijana. Unaacha breki kidogo, baiskeli inaimba, unasikia baridi ya mlimani ikigeuka joto la tambarare usoni. Baadhi ya sehemu tulikimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Nilikuwa nimekaa juu ya mshono wenu, nikiuamini. Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu, na angekuwa wa kwanza kuniangukia. Nina watoto wawili. Aliyepaka puti ile alijua kilicho chini yake na akanikabidhi baiskeli huku akinitakia safari njema.

Nilipopiga simu mara ya kwanza niliambiwa chuma huchoka, kisha nitume picha. Nilituma picha tisa, pamoja na ile ya herufi L. Tarehe 23 Septemba nikajibiwa kwa mistari mitatu kwamba fremu za chuma za umri huo "huwa zinakatika zenyewe" na kwamba mtanipa punguzo la asilimia kumi nikinunua mpya. Hakuna aliyetaja mshono. Hakuna aliyetaja maandishi yangu kwenye fomu. Naomba usinijibu tena kuhusu umri. Fremu iliyokaa miaka kumi na mitatu kwangu bila ufa, ikapata ufa wiki saba hivi baada ya kutoka kwenu, mahali palepale mlipochomelea, haijakatika kwa uzee.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie shilingi 260,000 zote, maana hata rangi sasa lazima ikwanguliwe, pamoja na 30,000 nilizolipia mzigo wa baiskeli kwenye basi kwenda na kurudi. Mgharimie bomba jipya la krenki na bomba la nyuma la kulia, viungwe kwa shaba na fundi anayejua kazi hiyo, nami niwe nimekubaliana naye kabla hajaigusa. Najua ni kazi kubwa, kuyachomoa mabomba manne kwenye kikuku kwa moto bila kuyapindisha, lakini inafanyika, na fremu za chuma zimekuwa zikitengenezwa hivyo tangu zamani. Mnirudishie vikombe vyangu vya awali na eksili yake kama bado vipo karakanani. Vilikuwa vizima, beringi tu ndizo zilizokwisha.

Na kuna dai moja zaidi, ambalo nalishikilia kuliko fedha. Mtafute kwenye vitabu vyenu fremu nyingine zote zilizopita kwa fundi yule mwaka huu, muwapigie wenyewe. Mimi niliuona ufa kwa sababu nina mazoea ya kuinama na kuangalia. Kuna mtu mahali fulani anampakia mtoto kwenye baiskeli iliyotoka kwenye karakana hiyohiyo, na hajui.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Nisipopata jibu la maandishi lenye saini yako, nitaipeleka nakala, pamoja na fomu, risiti na picha, kwa Tume ya Ushindani, ambayo kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo inayomlinda mlaji. Sitaki kufika huko. Ningependa zaidi tuyamalize sisi wenyewe.

Fremu iko kwa fundi wangu Ngamiani, imening'inizwa kwenye boriti kama tulivyoiacha, rangi imekwanguliwa pale tu palipo na ufa. Sijaruhusu mtu aguse mshono. Mkimtuma mtu wenu kuja kuikagua atapokelewa vizuri siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana, na fundi atamwonyesha herufi ile kwa tochi. Aje na aliyeifanya kazi, kama bado yupo kwenu. Ningependa kumsikia yeye mwenyewe.

Wako,
Mteja wenu wa Tanga

Viambatisho: nakala ya fomu ya kupokea kazi, risiti, picha tisa.