Mwanangu, koti nimepata

Mamangu, asalaam aleikum. Koti nimepata, la bluu, lina kofia na zipu mpaka shingoni, maana huko Dublin naambiwa ni mvua kuliko baridi. Lakini nakuuliza tena, ukishuka uwanja wa ndege utanipigia kwa laini gani? Usinijibu "tutaona".

Nimetoka dukani na mfuko wangu mbio kuwahi feri ya kurudi Jersey, kupita Vesey Street hivi naona shamba. Shamba kabisa, katikati ya maghorofa ya New York, limeinuliwa juu, nyasi na matuta, na nyumba ya mawe haina paa. Nikadhani ni mjengo haujaisha. Kumbe ukumbusho wa njaa ya Waayalandi, na nyumba yenyewe imeletwa kutoka Mayo kwao huko. Viazi viliingia ugonjwa 1845, wakafa kama milioni moja na wengine zaidi ya milioni wakahama. Na sheria ya 1847 ikasema mwenye zaidi ya robo eka hapewi msaada mpaka aliachie shamba, yaani hata nyanyako na vile viminazi vyake angenyimwa.

Hao ndio wenyeji wako sasa. Zamani mtu wao akisafiri Marekani walimkesha usiku kucha kama maiti, na yuko hai anakula, kwa sababu hawatomuona tena. Nikakaa pale, feri ikaniacha. Mimi nilikuaga umelala, niliona ni afadhali, sijui. Na ile miaka miwili nilikuwa nasema kadi za simu ghali, na kweli zilikuwa ghali, lakini dola tano nilikuwa sikosi. Basi yaishe.

Kazini wote wanajua binti yangu nesi anakwenda Ireland, mpaka wazee ninaowaogesha wananiuliza unaondoka lini. Ila habari ya kazi nimeiona kwa stetasi kama mtu baki, hilo limeniuma. Ukifika piga, hata usiku wa manane wangu, hata huna la kusema.

Dawa za presha za nyanyako nunua za miezi mitatu kabla hujaondoka. Jiko livuje lisivuje, mwambie mjomba wako abadilishe mabati, achukue geji 28, hizo 30 zinakunjika kama karatasi, na risiti uishike wewe. Namba nitumie leo.