Mama Upendo, kuku wako wajengee kwao

Machame, Kilimanjaro
Mwezi wa saba

Mpendwa Mama Upendo,

Salamu nyingi kutoka huku juu. Sisi ni wazima. Baridi ni ile ile unayoijua, ukungu unakaa migombani hadi saa nne. Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia kuku wameongezeka mpaka wamejaa kwenye banda la mbuzi, wengine wanalala juu ya ukuta wa nguruwe. Umeniuliza uwaongezee fito za kulalia humo humo au uwajengee kwao. Wajengee, mama, tena mapema, kabla hao wanaoatamia hawajaangua.

Mchana waache wachangamane, sina neno. Kuku akipita miguuni pa ng'ombe anadonoa kupe, akichakura samadi anakula mabuu ya nzi. Watafiti wa icipe, kile kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichopo Kenya, waliwahi kuwachunguza kuku waliokuwa wakichakura kati ya ng'ombe kule Kisiwa cha Rusinga, Kenya, wakakuta kupe wengi matumboni mwao. Ila siku mnayoogesha ng'ombe dawa ya kupe, kuku wabaki ndani.

Shida ni usiku. Kuku akilala juu ya mbuzi, kinyesi chote kinaanguka kwenye majani na maji, na mbuzi unamjua, jani likichafuka halili tena. Halafu kuna utitiri. Mchana wanajificha kwenye nyufa za mbao, usiku wanatoka kunyonya damu, na wakishaingia kwenye banda la mabanzi kama lako kuwatoa ni kazi kubwa. Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni kideri, ule ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi. Chanjo ya matone ya jicho inatakiwa irudiwe kila baada ya miezi mitatu, tena kwa kuku wote. Utamshikaje aliyelala juu ya mparachichi? Wakilala kwenye banda moja, unaamka alfajiri, unafunga mlango, unamshika mmoja mmoja, tone moja jichoni, unamwachia atoke. Kundi likiwa dogo mtu anaweza kukimbizana nao uani. Likikua haiwezekani, na wale wachache waliokosa ndio watakaoanza kuanguka ugonjwa ukipita.

Sasa ujenzi. Usipime kwa kuku ulio nao leo. Banda la mita 3 kwa 4 litalaza kuku wakubwa 60 bila kubanana, yaani watano kwa kila mita ya mraba. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi, jua lisiingie moja kwa moja kwenye zile kuta ndefu. Ukuta uishie kiunoni, juu yake wavu mpaka kwenye paa. Mimi huku naziba zaidi kwa sababu ya baridi, lakini wewe Boma Ng'ombe una joto na upepo wa vumbi, kwa hiyo acha wazi, kisha upande unakotoka upepo ning'iniza magunia ya kukunja. Wavu uwe wa matundu madogo na ufungwe imara hadi chini, maana kicheche anapenya mahali ambapo huwezi kuamini. Fito zote ziwe kimo kimoja, la sivyo kila jioni watagombania ya juu. Mpe kila kuku kama sentimita 20 za kukalia.

Mahali pa kujenga, chagua palipoinuka kuliko zizi, ili mkojo wa ng'ombe usitiririkie kwenye maranda ya mbao utakayotandaza sakafuni. Maranda mabichi ni adui. Watu watakuambia kuhara damu kwa vifaranga kunatoka kwa mbuzi. Siyo kweli. Vijidudu vya koksidia vya mbuzi havimpati kuku, na vya kuku havimpati mbuzi. Vifaranga wanaambukizwa na kuku wakubwa, hasa sakafu ikiwa na unyevu. Ndiyo maana nakusihi ukate chumba kidogo ndani ya banda hilo hilo, vifaranga wakue humo kwenye maranda mapya, na ukihudumia uanze kwao ndipo uende kwa wakubwa. Hicho chumba usikiache hata kama mbao zitapungua. Afadhali banda lote liwe fupi kidogo.

Bata nao watengee kona yao na maji yao. Wanalowesha kila kitu, na bata anaweza kubeba virusi vya kideri bila kuonyesha dalili yoyote. Bata mzinga uliosema unataka kununua, tafadhali ahirisha. Minyoo ya utumbo wa kuku hubeba vijidudu ambavyo kuku anavistahimili, lakini bata mzinga vinamharibu ini na kumuua. Ardhi ambayo kuku wamechakura miaka yote si salama kwao.

Chakula cha kuku kiliwe ndani ya banda. Toboa kitundu cha kumtosha kuku tu, karibu na ardhi, mbuzi asiweze kupita. Mbuzi akiufikia mfuko wa pumba na mahindi yaliyobarazwa atakula asijue kuacha, tumbo litachacha na anaweza kufa usiku huo huo. Kuhusu nguruwe, weka mabanzi kuziba ule ukuta. Kifaranga akidondokea mle analiwa.

Na yule jirani aliyekushauri umchanganyie ng'ombe kinyesi cha kuku kwenye pumba, usimsikilize. Kukiwa na mzoga wa kuku ndani ya maranda yale, hata kipande kidogo, ng'ombe anaweza kupata sumu inayompooza mwili. Kinyesi kirundike na majani makavu, kiive vizuri, ndipo ukipeleke kwenye mboga. Kikiwa kibichi kinaunguza mimea.

Baba Eli atashuka na gari la mbao wiki ijayo na kuna mabanzi tumekuwekea. Mtume Upendo apime kile kipande kati ya zizi na mparachichi, urefu na upana, uniandikie mapema ili nijue tupakie mangapi. Wavu utaupata hapo hapo Boma. Mwambie pia bwana mifugo akuandike kwenye orodha ya chanjo, kwa sababu kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo ni vizuri mchangiane na majirani siku moja.

Msalimie sana Baba Upendo na watoto.

Wako akupendaye,
Mama Eli