Mabaki ya fedha za mnada ni haki ya mkopaji

Mhariri,

Matangazo ya minada ya ploti na mashamba hapa Nakuru, kuanzia Njoro hadi Bahati, yamekuwa mengi, lakini kinachofuata baada ya nyundo ya dalali kugonga hakizungumzwi. Wakopaji wengi huamini kwamba siku hiyo haki zao zimekwisha, wakahama kwa fedheha bila kuuliza mali iliuzwa kwa bei gani na fedha zilikwenda wapi.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kimepanga jinsi fedha hizo zinavyogawanywa. Kwanza hulipwa kodi na ada zinazodaiwa juu ya ardhi yenyewe, zikiwemo za kaunti. Kisha rehani iliyotangulia, kama ipo. Halafu gharama halali za mauzo. Ndipo mkopeshaji achukue mkopo uliosalia pamoja na riba, naye mwenye rehani ya baadaye, kwa mfano chama cha akiba na mikopo, afuate. Kinachobaki ni cha yule aliyekuwa na haki ya kukomboa mali hiyo kabla haijauzwa. Tuseme nyumba imeuzwa kwa Sh6 milioni, kaunti ikidai Sh200,000, gharama zikiwa Sh300,000 na deni likiwa Sh4.1 milioni: Sh1.4 milioni zinazosalia si za benki, si za dalali.

Jirani yangu mmoja, ambaye nyumba yake iliuzwa na mkopeshaji nisiyetaka kumtaja, alipokea barua ya kumfahamisha tu kwamba akaunti yake imefungwa. Bei haikutajwa. Bila bei hiyo, mkopaji hawezi kujua kama kifungu cha 97 kilizingatiwa, kile kinachomtaka mkopeshaji atafute bei bora inayoweza kupatikana, na kinachomhesabu kuwa amekiuka wajibu huo, hadi athibitishe vinginevyo, bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi. Gharama nazo zinahitaji kukaguliwa, kwa kuwa kila shilingi inayoongezwa humpunguzia mkopaji mabaki yake, au humwongezea deni ambalo bado anaweza kushtakiwa kulilipa.

Nawaomba wabunge wetu waweke muda maalumu ambao ndani yake kila mkopeshaji atalazimika kumkabidhi mkopaji hesabu iliyoandikwa, yenye bei ya mauzo, stakabadhi za dalali, mthamini na wakili, na kiasi cha mkopo kilichokatwa, iwe kuna salio au hakuna. Notisi ya siku 40 ya kuuza hupelekwa pia kwa mume au mke aliyeridhia mali iwekwe rehani. Basi na hesabu hiyo ipelekwe kwake vilevile, kwa anwani ile ile.

Msomaji,
Nakuru