Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hali ya Hopsi Katika Bustani Zetu na Suala la Mapando

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoelekeza, ninawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka unaomalizika. Mambo ya fedha ataeleza mweka hazina katika taarifa yake, na orodha ya vifaa vya pamoja iko mezani kwa katibu, kwa hiyo hayo sitayarudia. Muda wangu nautumia kwa jambo moja ambalo mwaka huu limegusa bustani nyingi za wanachama, kuanzia Salem hadi Independence hapa Oregon, Marekani, nalo ni afya ya hopsi zetu na namna tunavyogawiana mapando, yaani vipande vya shina la chini vya kupandia.

Kwa faida ya wanachama wapya, hopsi ni mmea unaotambaa, ambao maua yake majike, yaliyopangika kwa magamba laini kama koni ndogo ya msonobari, huipa bia uchungu na harufu yake na kuzuia baadhi ya bakteria wanaoichachusha. Wenzetu waliotoka Kivu wanajua jinsi kasiksi, pombe yao ya ndizi, inavyoharibika baada ya siku chache, na sisi tuliokulia Kilimanjaro tunajua kwamba mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haikamiliki bila gome la msesewe. Msesewe na hopsi si ndugu kabisa kwa mimea, lakini wazee waliotafuta uchungu huo kwenye gome na wazee wa Ulaya walioutafuta kwenye ua walikuwa na haja moja. Shina la chini la hopsi huishi miaka 20 na zaidi, ilhali sehemu yote ya juu hufa kila majira ya baridi na kuanza upya kutoka ardhini.

Mmea huu haukuja katika bonde hili kwa ajili yetu. Umelimwa kibiashara hapa Willamette tangu miaka ya 1860, na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 Oregon ndiyo iliyoongoza Marekani nzima kwa zao hili. Tuko karibu na latitudo 45 kaskazini, ambako mwanga wa mchana mwishoni mwa Juni hufikia saa 15 na nusu hivi, udongo ni wa kina, na baridi ya Desemba na Januari inatosha kuupumzisha mmea. Kwa mwenye ua mdogo nyuma ya nyumba, akipata nguzo ya mita 4, ukuta unaotazama kusini na kikapu cha mboji, hopsi humlipa haraka. Maua ni machache mwaka wa kwanza, lakini kufikia mwaka wa tatu mavuno huwa kamili.

Mwaka ulianza vizuri. Mwezi wa Machi wanachama wapya walipanda, kila pando likilazwa ubapa katika kina cha sentimita 5 hivi, vichipukizi vikitazama juu. Bi mkubwa mmoja, mzaliwa wa Pemba, aliposhika bunda la kamba tulizonunua kwa ajili ya kupandishia hopsi, alinyamaza kwanza, akazifikicha katikati ya vidole, kisha akasema: "Hizi ni kamba za makumbi." Ndivyo zilivyo. Mashamba makubwa ya hapa hutumia kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, kutoka Sri Lanka, kwa sababu zina ukwaruzo ambao nywele ngumu za shina la hopsi hushika vizuri, na mwisho wa msimu hukatwa pamoja na shina na kuoza. Alituambia jinsi mama yake alivyokuwa akifukia makumbi kwenye matope ya pwani kwa miezi kadhaa, akayafukua, akayaponda kwa rungu na kusokota kamba juu ya paja. Wengi wetu tulikuwa tukizinunua kamba hizo bila kujua tulichokuwa tumeshika.

Jambo dogo lililowasumbua wanaoanza ni upande wa kuzungusha. Maharage, ukiyatazama kutoka juu, hupanda kijiti kinyume cha mishale ya saa. Hopsi hufuata mishale ya saa. Mwanachama mmoja alizungusha machipukizi yake yote jioni kama alivyozoea kufanya kwa maharage, na asubuhi akayakuta yamejifungua na kuning'inia chini. Hakukuwa na ugonjwa wala kamba mbovu, ni mmea tu ulikuwa ukidai mkono wake. Tangu hapo nimeagiza kila anayekabidhiwa mapando aoneshwe mzunguko huo kwa vitendo kabla ya kwenda nayo nyumbani.

Ndipo zikaja mvua za Aprili na Mei, na pamoja nazo ubwirivinyoya.

Naomba mnivumilie hapa, kwa maana ndiyo sababu ya taarifa hii. Ubwirivinyoya ni ugonjwa wa mimea, na huu wa hopsi haufanani na ule unaoharibu matango, ijapokuwa vimelea vyake ni vya jamii moja. Hulala ndani ya shina la chini wakati wote wa baridi, na katika majira ya kuchipua hutoka pamoja na machipukizi. Chipukizi lililoathirika hulijua kwa kulitazama tu: ni fupi, limesongamana pingili kwa pingili, rangi yake ni ya njano iliyofifia, majani yamejikunja kuelekea chini, na ukiligusa huvunjika kwa sauti. Geuza jani lake alfajiri kabla jua halijakausha umande, utaona upande wa chini umefunikwa na unga wa kijivu unaoelekea weusi. Unga huo ndio mbegu za ugonjwa. Upepo na matone ya mvua huzibeba, na jani likikaa na maji kwa saa chache katika hali ya hewa isiyo baridi sana wala joto sana, zinaota. Baadaye majani makubwa hupata mabaka yenye pembe, yaliyozuiwa na mishipa ya jani, na maua hugeuka kahawia kabla ya kukomaa. Ugonjwa ukizama hadi chini, ukikata shina la ardhini kwa kisu utaona michirizi ya wekundu wa kutu au weusi mahali palipopaswa kuwa peupe.

Bonde hili linaufahamu ugonjwa huu kuliko sisi. Ulipoingia miaka ya 1930, aina iliyokuwa ikilimwa zaidi, Cluster, haikuwa na kinga, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya kilimo hiki kihamie bonde la Yakima katika jimbo la Washington, upande wa pili wa milima ya Cascade, ambako mvua ni haba na majani hukauka upesi. Leo Yakima huzalisha takriban robo tatu ya hopsi yote ya Marekani. Aina ya Cascade, ambayo wengi wenu mnayo, ilizalishwa hapa Corvallis na watafiti wa serikali na kutolewa kwa wakulima mwaka 1972, na uvumilivu wake kwa ubwiri ulikuwa miongoni mwa sifa zilizotafutwa. Kuvumilia lakini si kukingika. Waliopanda Centennial, ambayo harufu yake naipenda mno, wameumia zaidi mwaka huu, na sioni busara kuendelea kuipendekeza kwa bustani zenye kivuli au zilizobanwa na uzio.

Sasa nieleze ugonjwa ulivyosambaa kati yetu. Tangu chama kianze tumekuwa na desturi nzuri: mwenye mmea mkubwa huuchimbua pembeni mwezi wa Machi, hukata mapando, na humgawia mwenzake bila malipo, kama vile kule vihambani mtu asivyomnyima jirani mche wa mgomba. Nilipofuatilia bustani zilizoathirika, moja baada ya nyingine, niligundua kwamba nyingi zilipokea mapando kutoka mimea michache tu, na mmoja wa mimea hiyo ni wangu. Mwaka uliotangulia niliona machipukizi mawili yaliyodumaa nikayang'oa, nikadhani nimemaliza. Niligawa mapando kutoka shina lile lile bila kulipasua na kulitazama ndani. Kwa wanachama walioyapokea, naomba radhi kwa dhati. Baba yangu alipoteza mavuno ya kahawa kwa ugonjwa wa chulebuni, na alitufundisha kwamba ugonjwa wa mti wa jirani ni ugonjwa wako. Nilipaswa kulikumbuka hilo kabla ya kushika jembe.

Kwa hiyo kamati inaleta mapendekezo ambayo naomba myapitishe leo. Pando lolote litakalogawiwa kwa jina la chama likatwe mbele ya mwanachama mwingine, na likionesha michirizi ya kutu ndani lichomwe au litupwe kwenye taka, kamwe lisiingie kwenye mboji. Pili, kila mwenye hopsi afyeke machipukizi yote ya kwanza, hata yale yanayoonekana manono na mazuri, na awe amemaliza kabla ya katikati ya Aprili. Najua hili linauma. Machipukizi hayo ya mwanzo huwa na nguvu za kupotosha, matupu katikati, nayo ndiyo yanayobeba ugonjwa kutoka ardhini; yanayofuata ndiyo ya kupandisha kwenye kamba, mawili au matatu kwa kila kamba. Machipukizi machanga yasiyo na ugonjwa yanaliwa. Akina mama wa Uvira waliyachemsha kidogo, wakayaunga kwa karanga kama matembele, na sahani zilirudi tupu. Kisha mmea ukishafika mita 2, majani ya chini yaondolewe hadi usawa wa goti au paja ili hewa ipite, na umwagiliaji uwe wa matone kwenye udongo. Mpira wa kunyunyizia majani jioni ni kualika ubwiri.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na vijana wanaojenga nyumbani, kama tunaweza kupeleka mapando haya Arusha, Limuru au Bukavu. Swali ni la haki, na nalijibu kikamilifu ili mtu asipoteze fedha. Kikwazo kikubwa ni urefu wa siku. Hopsi huhitaji kwanza kurefuka chini ya siku ndefu, kisha hutoa maua siku zinapoanza kufupika. Karibu na ikweta mchana ni wa saa 12 mwaka mzima, na mmea huingia kwenye maua ukiwa bado mfupi, matokeo yake ni maua machache yasiyolipa kazi. Wakulima wa Afrika Kusini, karibu na mji wa George, walikumbana na tatizo hilo kwa kiasi kidogo, wakafunga taa za umeme mashambani kurefusha siku, na baadaye wakazalisha aina zao kama Southern Star na African Queen. Kwa bustani ya nyumbani kule kwetu siwezi kushauri gharama hiyo. Zaidi ya hayo, kubeba mapando kwenye sanduku la nguo ni kosa: Kenya mimea huingia kwa kibali cha KEPHIS, na Tanzania kwa cha TPHPA, ambazo ni mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo. Tukishajua tulivyoambukizana wenyewe kwa wenyewe hapa, hatuna haki ya kuhatarisha mashamba ya watu wengine.

Kuhusu mavuno, bustani zilizosalimika zilivuna kuanzia mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Ua lililokomaa huwa jepesi na lenye mlio wa karatasi, na ukilipasua unga wa njano hubaki kidoleni pamoja na harufu yake kali. Kaushieni kwenye wavu, feni ikipuliza, joto lisizidi nyuzi 60 za Selsiasi, hadi kijiti cha katikati ya ua kivunjike kikikunjwa. Gramu 100 mbichi zitabaki kama 20 au 25, na zifungwe bila hewa na kuwekwa kwenye friza.

Wanachama wasiotumia kileo, ambao ni wengi na wanaheshimiwa katika chama hiki, wameendelea kupanda kwa ajili ya kivuli, chai ya usiku na mito ya kulalia. Hakuna atakayelazimishwa kueleza anachofanyia maua yake.

Onyo moja kwa wenye mbwa: hopsi, mbichi au iliyokwisha kuchemshwa, humpandisha mbwa joto la mwili hadi kumuua. Mabaki ya jikoni yafukiwe mbali au yatiwe kwenye pipa lenye kifuniko. Vilevile wapangaji wakumbuke kwamba mizizi hutambaa chini ya uzio. Waombe ruhusa ya mwenye nyumba, au wapande kwenye pipa lililokatwa.

Mapando mapya ya Cascade yatakatwa kutoka mimea mitatu ambayo kamati iliikagua Septemba na itaikagua tena kabla ya kukata. Ugawaji utafanyika Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa 3 asubuhi, na wa kwanza kupewa watakuwa wale waliopokea mapando kutoka kwenye mmea wangu. Mmea wenyewe nimeung'oa na kuuchoma, na mahali pake sitapanda hopsi tena. Nimepanda vitunguu saumu.

Mwenyekiti