Baba anatakiwa atolewe kibofu, mimi nataka daktari wa pili

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kitinda mimba wa nyumba yetu hapa Lamu, na ndiye ninayempeleka Baba Mombasa na kumrudisha. Baba ana miaka 68, alikuwa fundi wa majahazi Matondoni. Alikaa karibu mwaka akikojoa damu asituambie. Haikumuuma, ndiyo maana. Siku moja Mama akakuta maji ya chooni mekundu kama ya kusuuzia hina, siri ikatoka.

Daktari alimtia kamera, akakata kipande cha nyama, wiki tatu baadaye akatuita: saratani ya kibofu. Kibofu kitolewe chote, mkojo utokee tumboni kwenye mfuko. Maelezo hayakufika dakika kumi. Nje benchi lilikuwa limejaa wagonjwa, simlaumu sana.

Baba hakuuliza habari ya kufa. Aliuliza ataswalije na mfuko wa mkojo. Imamu ameshamwambia mwenye udhuru hutawadha kila kipindi kinapoingia, akaswali, basi. Lakini bado hajatulia, na siku hizi msikitini hukaa safu ya mwisho, karibu na mlango.

Kinachoninyima usingizi mimi ni karatasi. Binamu yangu muuguzi aliisoma ripoti ya maabara, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: katika kile kipande hamkuonekana msuli wa kibofu. Asema swali lote liko hapo. Saratani ikiwa haijaingia kwenye msuli, mara nyingi hukwanguliwa kwa njia ya mkojo, kisha kibofu hutiwa dawa, kama BCG, ileile wanayochanjwa watoto wachanga kwa ajili ya kifua kikuu. Ikishaingia, ndipo huja habari ya kutoa kibofu, au kwa wengine mionzi pamoja na dawa za saratani. Na kipande kisipokuwa na msuli, kwa kawaida mgonjwa hurudishwa akakwanguliwa tena ili ijulikane. Sisi hatukuambiwa lolote la kurudia.

Tena hakuna aliyemuuliza Baba kama aliwahi kuugua kichocho. Ujanani alilima mpunga kule delta ya Mto Tana, miguu majini kutwa. Binamu asema saratani ya kibofu iliyotokana na kichocho mara nyingi huwa ya aina nyingine, na matibabu hubadilika.

Kaka mkubwa hataki kusikia. Asema kwenda kwa daktari mwingine ni kumvunjia heshima wa kwanza, na tukirudi faili letu litawekwa chini kabisa. Asema pia ugonjwa hausubiri watu wanaozunguka. Hapo kwenye kusubiri ananishinda, maana nami naogopa. Na nauli ya boti hadi Mokowe, kisha basi, kisha mahali pa kulala, yeye ndiye anayeitoa.

Shangazi, na ninyi wasomaji mliopitia haya: nimwambieje daktari ninapoomba nakala ya ripoti na zile slaidi, yaani vioo vya maabara vyenye kile kipande cha nyama, zikasomwe na mtu mwingine, asione tumemkimbia? Nianze na swali la msuli, nimsikie kwanza atajibu nini? Na Baba nimwambie sasa, au nimwache mpaka nipate jibu? Upasuaji umepangwa wiki tano kutoka leo.

Binti wa Langoni, Lamu