Kwa Ndugu Yohana, kabla injini haijafungwa

Kizota, Dodoma

Ndugu yangu Yohana,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa vijana wote. Sisi huku hatujambo.

Nimefurahi kusikia kwamba injini ya mtumba ya lori lako, Mitsubishi 6D16 yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), imefika salama. Hata hivyo, uliponieleza kwamba mmekubaliana na fundi aishushe ile ya zamani na kuipandisha hii bila kununua spea nyingine yoyote, nimeona si vyema ninyamaze.

Katika kazi hii, kinachokula fedha na siku ni kufungua na kufunga. Ili kuifikia oili sili ya nyuma ya kranki, yaani mpira unaozuia oili isivuje, gia boksi hushushwa, klachi hufunguliwa na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, hutolewa, yote hayo kwa ajili ya mpira mmoja wa bei ndogo. Wiki hii sehemu hizo zote zitakuwa wazi mbele yenu. Injini ya mtumba hukaa muda mrefu bila kuzunguka, na sili zake hukauka hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Usipoibadilisha sasa, oili inaweza kuvuja hadi kwenye klachi pleti, nayo klachi ikaanza kuteleza mahali ambapo gari linahitaji nguvu zaidi, yaani kwenye kupanda mlima wa Sekenke, ukiwa umepakia mzigo wa kurudi kutoka Mwanza baada ya kushusha mahindi ya Kibaigwa.

Kwa hiyo nakuomba ununue klachi pleti, presha pleti (inayoikandamiza) na rilizi beringi (inayoiachia unapokanyaga pedali) kwa pamoja, pamoja na ile beringi ndogo inayokaa katikati ya flaiwili, ambayo mafundi wengi huiacha kwa sababu haipigi kelele mapema. Flaiwili yenyewe ikaguliwe nyufa, na kama uso wake umeungua au una mikwaruzo, ipelekwe kuchongwa, kwa maana pleti mpya ikikaa juu ya uso mbovu huisha haraka.

Jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito uleule, ni upoozaji. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka yakiwa na nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta, hivyo mfuniko uliolegea si jambo dogo hata kidogo. Badilisha mfuniko, thermostati (inayofungulia maji injini ikipata moto), mipira ya maji na fenibelti, kisha wota pampu ikaguliwe kabla injini haijaingia kwenye chesisi, maana hapo mkono unafika kirahisi. Rejeta ya zamani isifungwe kabla ya kuzibuliwa: maji ya visima vya huku yana chumvi, na utando wake huziba vijia vya ndani kidogo kidogo. Baada ya hapo tumia kuleni, yaani maji maalumu ya kupoozea injini, usirudie maji ya bomba.

Raba za kushikilia injini na filta zote sina haja ya kuzieleza, ziwe mpya.

Siku ya kuwasha, msimamie fundi asiwe na haraka. Tabo imiminiwe oili kwenye njia yake kabla ya kufungwa paipu, hewa yote itolewe kwenye mfumo wa dizeli, na injini izungushwe kwa stata kwa vipindi vifupi, dizeli ikiwa imezuiwa, mpaka taa ya oili izime. Beringi za tabo hutegemea oili tupu, na dakika moja ya ukavu inatosha kuziharibu.

Namba ya injini nayo imeandikwa kwenye kadi ya gari. Nenda TRA na nyaraka za ununuzi ili ibadilishwe kabla hujaingia barabarani.

Nitumie orodha ya bei utakazopewa dukani, ili tuipitie pamoja kabla hujalipa.

Wako,
Daudi